Jiwe Lililopigwa Pasi

Kaka yangu alikuwa fundi wa kunyoosha magari yaliyogongwa, na watu walimwita Pasi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu bati lililokunjamana kama shati la mlevi lilitoka mikononi mwake limenyooka mpaka unajiona uso. Hata mama yetu alikuja kulizoea. Akimtafuta alikuwa anauliza watu njiani, "Jamani, Pasi wangu hajapita hapa?"

Gereji yetu ilikuwa uwanja wa udongo uliolowa oili, ukuta pande tatu, na paa la mabati upande mmoja tu. Kaka alinyoosha, mimi nilipaka rangi. Jirani yetu alikuwa mchomeleaji tuliyemwita Cheche, ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa amevaa kinyago cha kuchomelea. Kuzungumza na wateja ilikuwa kazi yao wao wawili. Mimi nilipenda kwamba bunduki ya kupulizia rangi ina kelele, na kwamba anayeishika hufunika mdomo kwa kitambaa. Hakuna anayemtegemea aseme kitu.

Ukitaka kumjua Kaka ilibidi umtazame mikono. Wa kulia ulishika nyundo ndogo. Wa kushoto ulipita nyuma ya bati, ukakinga kwa kipande cha chuma kizito. Aligonga huku amefumba macho, halafu aliweka nyundo chini na kupitisha kiganja juu ya bati polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. "Bado hapa," alikuwa anasema. "Panauma." Baada ya hapo ndipo alipopaka puti, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, akausugua kwa msasa mpaka usijue bati limeishia wapi na puti imeanzia wapi.

"Kazi yetu," aliniambia siku za mwanzo, "ni kumsahaulisha mwenye gari kwamba aligongwa."

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, na huyo binti alianza kuongea kabla hajaanza kutembea vizuri. Akaitwa Chiriku. Basi wao wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku, na sikuwahi kumsikia shemeji akimwita mumewe vingine. Hata wakigombana ilikuwa, "Baba Chiriku, leo nimekuchoka, sikia nakwambia!" Naye anajibu, "Nichoke kesho, Mama Chiriku, leo nina kazi." Wakaishia kucheka.

Chiriku alipopata kazi ya kuuza dawa katika duka lililokuwa mbali na nyumbani, baba yake alimtengenezea gari. Namaanisha alilitengeneza. Lilikuwa mabaki aliyoyakusanya, mlango wa huku, boneti ya kule, na kila Jumapili alikuwa amelala chini yake. Siku ya rangi, Chiriku alikuja mwenyewe kuichagua.

"Baba mdogo, nataka rangi ambayo hata kipofu ataiona."

"Hiyo haipo," nikamwambia.

"Ipo. Wewe unaificha kwa sababu una aibu nayo."

Nikampakia rangi ya ndimu. Cheche alipoliona alivaa kinyago chake akasema macho yanamuuma. Chiriku akapiga honi mpaka tukaziba masikio.

Dereva wa lori hakuiona. Ilikuwa asubuhi ya mvua, kwenye njia panda, na lori lilitoka upande wa kulia breki zikiwa zimekataa. Lilimpata mlangoni. Alifikishwa hospitali akiwa anapumua, lakini mama yake alipofika hakuwa anapumua tena.

Baada ya mazishi, gari lilivutwa mpaka gereji. Kaka alilifunika kwa turubai, akalisukuma kwenye kona ya ukuta. Shemeji alikuja siku ileile.

"Nataka kuliona."

"Subiri kwanza," Kaka akasema.

"Nisubiri nini? Nataka kuona alipogongwa mwanangu."

"Mama Chiriku, nakuomba. Subiri."

Akarudi tena wiki iliyofuata, akarudi na mwezi uliofuata, na kila mara jibu lilikuwa hilohilo. Kaka alikuwa tayari anaifanya kazi. Wateja wakishaondoka mchana, alikuwa anaingia chini ya lile turubai na nyundo yake. Mtu mwingine angetafuta mlango mwingine kwenye mabaki akaufunga, maana ule ulikuwa umeingia ndani kama bakuli. Yeye alikataa. Alitaka mlango uleule. Nilipomwuliza kama nimsaidie, alitikisa kichwa, na hata rangi alipaka mwenyewe. Nilisimama kando nikiisikiliza bunduki yangu ikilia mikononi mwa mtu mwingine.

Nilimwelewa. Mke wake alikuwa anataka kuona kitu ambacho yeye, aliyeona magari mabaya kuliko mtu yeyote mjini, alishindwa kukitazama. Alitaka kumkinga.

Siku aliyomaliza alimwita. Shemeji alikuja amevaa nguo safi. Kaka akavuta turubai, na gari la Chiriku likatokea kama lilivyokuwa siku ya honi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nasema hivyo kama fundi.

Shemeji alisogea kwenye mlango, akapitisha mkono juu yake, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Aligongwa wapi?"

"Hapo hapo ulipoweka mkono."

"Hapa hapana kitu."

"Nimepanyoosha."

Akapitisha mkono tena. Alikuwa anatafuta, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia. Halafu akautoa mkono, akatazama kiganja.

"Umemfuta," akasema.

Hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani, akakusanya nguo na cherehani yake, akahamia kwa dada yake upande wa pili wa mji. Kaka alibaki ameshika ncha ya turubai. Cheche, ambaye siku zote ana la kusema, aliwasha mashine yake akachomelea kipande cha chuma ambacho hakikuwa na kazi yoyote.

Kaka hakumsusa mkewe, wala mkewe hakumfukuza. Kila Jumapili alinyoa ndevu, akanunua sukari na sabuni, akaenda. Mara moja nilikwenda naye. Shemeji alitufungulia mlango, akatuwekea viti, akatuletea chai. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya kikohozi changu. Kisha akamgeukia Kaka.

"Karibu chai, fundi."

Kaka aliishika ile chai mpaka ikapoa. Njiani kurudi, karibu na nyumbani, ndipo aliposema, "Umesikia ananiitaje?"

"Nimesikia."

"Kila Jumapili ni hivyo hivyo. Kama nimekwenda kuchukua vipimo vya dirisha."

Ndipo akaja Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyesimamia jumba la sayansi, lile ambalo wanafunzi hupelekwa kuangalia sayari zilizoning'inizwa darini. Gari lake lilikuwa limebonyea ubavuni, na alikiri mwenyewe kwamba aligonga geti la nyumbani kwake.

"Geti lilikuwa linakwenda kasi?" Cheche akamwuliza.

"Kasi mno," Mwalimu akasema. "Halikupiga hata honi."

Alipokuja kulichukua gari alilikagua muda mrefu, kisha akamwuliza Kaka kama anaweza kumtengenezea jiwe. Akatoa picha kwenye mkoba. Alitueleza kwamba kati ya sayari ya Mirihi na ile kubwa ya Mshtarii kuna ukanda mpana wa mawe yanayolizunguka jua, mengine makubwa kama milima, mengine madogo. Yanaitwa asteroidi. Moja katika hayo lilionekana siku moja likiwa na mkia, kama nyotamkia. Watazamaji wakashangaa, kwa sababu mkia wa nyotamkia hutokana na barafu inayogeuka mvuke, na lile lilionekana kuwa jiwe kavu. Kumbe mkia ulikuwa vumbi. Jiwe jingine dogo lilikuwa limeligonga.

"Na huko juu nani ana makosa?" Cheche akadakia. "Nani alimwingilia mwenzake njia?"

"Huko hakuna askari wa barabarani."

Mwalimu alicheka. Sisi hatukucheka, na Cheche akainamisha kichwa, maana maneno yalikuwa yameshamtoka. Kaka alikuwa anaziangalia picha. Ya jiwe lenyewe ilikuwa nukta tu yenye ukungu na mstari mwembamba nyuma yake. Zile nyingine zilikuwa za mawe ya ukanda huohuo yaliyopigwa picha kwa karibu na vyombo vya angani, nazo zilikuwa zimejaa mashimo na mabonde kila upande, makubwa juu ya madogo. Mwalimu alitaka hivyo: kitu cha ukubwa wa ng'ombe aliyelala, cha bati, chenye mashimo ambayo wanafunzi wanaweza kuingiza mikono.

Kaka alikubali. Nadhani alifurahi kupata kazi ambayo si gari.

Cheche alimchomelea mifupa ya nondo. Kaka akakata maboneti ya zamani, akayafunga juu ya ile mifupa, akaanza kugonga. Kwa siku kadhaa nilimwona akichungulia picha na kugonga bonde moja moja, na nikaona anapumua vizuri. Kisha niliitwa kwenda kupaka mageti ya nyumba moja nje ya mji, nikakaa huko. Niliporudi, jiwe lilikuwa limefunikwa kwa turubai, na Mwalimu ameshafika kulitazama.

Kaka akavuta turubai.

Mwalimu akalizunguka mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili tabasamu lilikuwa limepungua.

"Fundi, limependeza sana. Lakini mashimo yako wapi?"

Kaka akaangalia picha iliyobandikwa ukutani, akaangalia jiwe. Lilikuwa laini kama yai. Ungeweza kuchana nywele mbele yake.

"Yalikuwepo," akasema. "Niliyagonga yote."

"Sasa yamekwenda wapi?"

"Pasi amelipiga pasi jiwe la angani!" Cheche akaangua kicheko. "Mwalimu, mletee na mwezi, atakurudishia bila doa hata moja!"

Hata Mwalimu alishindwa kujizuia. Hata mimi. Kaka naye alijaribu kucheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya lile bati, unatembea, unatafuta.

"Ni mkono tu, Mwalimu," akasema. "Nilipofika kwenye kumalizia, nikaona bonde, nikaweka puti. Nikaona jingine, nikaweka. Sikujua kama ninafanya hivyo."

"Si neno, fundi. Litarekebishika." Mwalimu alikuwa mtu mwema, na aliona kwamba mzaha umekwisha. "Ila mashimo ndiyo habari yake. Jiwe halina mdomo. Bila hayo sina cha kuwaambia watoto."

"Na lile vumbi?"

"Vumbi hutawanyika. Mwanga wa jua hulisukuma kidogo kidogo. Mkia ukishaisha, jiwe linabaki nukta kama nukta nyingine. Bahati nzuri kulikuwa na watu wanalitazama wakati ule."

"Kwa hiyo asiyetazama wakati ule..."

"Kwa mbali hivi, hatajua kwamba kitu kiligongwa hapo."

Kaka akakaa juu ya tairi. Mwalimu aliaga, Cheche akarudi kwenye kazi zake, na Kaka akawa bado yuko pale. Nilianza kuosha bunduki ya rangi ili nisimwangalie.

"Mdogo wangu," akasema. "Shemeji yako aliniomba aone. Mara ngapi?"

Nikaendelea kuisugua bunduki.

"Mimi nikamwonyesha puti."

Kesho yake alianza kulibandua lile jiwe. Puti ilitoka kwa patasi, vipande vipande, na mabonde aliyoyagonga mwanzo yakatokea chini yake, mengine yamefifia. Hayo ilibidi ayagonge upya, na kwa nguvu, kutoka nje kwenda ndani. Aliinua nyundo kubwa akaishusha bila kugonga, akaiinua tena, akaishusha. Maisha yake yote alikuwa ametoa mabonde, hakuwa ametia mengine ila ya jiwe hili. Nikaenda nikashika upande wa pili wa jiwe ili lisitikisike. Pigo la kwanza lilipotua, alifumba macho. Baada ya hapo aligonga mpaka jasho likamtiririka shingoni, na sijui kama lilikuwa jasho lote.

Jiwe lilipokwisha hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akavua turubai la gari la Chiriku, akachukua bisibisi. Alifungua skrubu za ule ubao unaofunika mlango kwa ndani, akauweka chini. Fundi yeyote anajua kwamba upande huo hakuna anayeuhangaikia. Puti hupakwa nje, rangi hupakwa nje. Akaingiza mkono nyuma ya bati, akakaa hivyo kitambo.

"Nenda kamwite shemeji yako," akasema.

"Nenda wewe, Kaka. Mimi maneno sina."

"Nikienda mimi atanikaribisha chai."

Nikaenda. Njiani nilipanga maneno mazuri, nikayarudia mpaka mlangoni kwa dada yake, na mlango ulipofunguliwa yote yakanitoka. Shemeji alikuwa kwenye cherehani, sketi ya shule iko chini ya sindano.

"Shemeji, kuna nini? Mbona umesimama kama mdaiwa?"

"Kaka ana kitu anataka uone."

"Cha gari?"

"Cha gari."

Akakata uzi. Kisha akavua miwani, akafunika cherehani, akatoka bila kubadili nguo.

Tulipofika, Kaka alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari ulio wazi. Hakumsalimia. Alisema tu, "Ingiza mkono huku, nyuma ya bati. Taratibu, kuna ncha."

Shemeji akachuchumaa, akaingiza mkono. Niliuona uso wake wakati vidole vinatembea. Vikasimama.

"Ni hapa?"

"Ni hapo. Hilo kunjo refu ndipo lori lilipoanzia. Bati likishavutika namna hiyo halirudi lilivyokuwa. Nilisukuma nikalifikisha nilipoweza, halafu nje nikaziba kwa puti."

"Kumbe lipo."

"Lipo. Nililifunika tu."

Akabaki amechuchumaa, mkono wake wote uko ndani ya mlango hadi kiwikoni, kichwa ameegemeza kwenye kiti alichokuwa anakalia binti yake. Alilia hapo. Kaka hakumgusa. Nilitaka kuondoka, nikashindwa, kwa sababu njia ilikuwa inapita mbele yao.

Baadaye alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Na hii rangi ya nje, inatoka?"

"Inatoka. Lakini si kwamba utaliona bonde lote. Mengi nimeshayanyoosha, siwezi kuyarudisha kama yalivyokuwa. Nikiyagonga tena itakuwa ni mimi, si lori."

"Usigonge. Toa hiyo puti tu."

Kaka akachukua patasi ndogo. Rangi ya ndimu ikaanza kuruka, kisha puti chini yake, nyeupe, ikamwagika miguuni kwao kama unga. Chini ya puti bati likatokea likiwa jeusi, lina alama za nyundo yake, na katikati lile kunjo, limepinda kuelekea ndani. Shemeji alikuwa amelishika upande wa ndani, akilifuata kwa kidole huku patasi ikilifuata nje. Patasi ikateleza.

"Polepole, Baba Chiriku," akasema.

Kaka akasimamisha kazi. Akainama, akakaa amemgeuzia mgongo, mabega yanacheza. Kisha akaendelea, polepole, kama alivyoambiwa.

Shemeji alirudi nyumbani kabla jiwe halijachukuliwa. Sitasema kwamba furaha ilirudi naye, maana nilikuwa nakula kwao mara nyingi na nilisikia jinsi nyumba ile ilivyokuwa kimya. Kiti cha Chiriku hakikuondolewa mezani, wala hakikukaliwa. Lakini alimwita mumewe kwa jina lake, na Kaka aliitika.

Kaka hakuishi sana baada ya hapo. Vumbi la msasa lilikuwa limemjaa kifuani kwa miaka yote hiyo, na daktari alimwonyesha kwenye picha. Kaka akamwuliza kama hiyo puti ya ndani nayo inaweza kubanduliwa. Daktari hakujua kama acheke. Alipofariki, Mama Chiriku alikuwa amemshika ule mkono wa kushoto, wa kukingia.

Jiwe lipo kule kwenye jumba, limening'inizwa chini chini. Nilipeleka wajukuu wa Cheche kulitazama, nao wakaingiza mikono kwenye mashimo wakapiga kelele wasikie mwangwi. Na gari liko kwetu gereji, kwenye kona, bila turubai. Bati la mlango nilimpakia Mama Chiriku mafuta ili lisishike kutu, naye huja mwenyewe kuyarudia yakikauka.

Wateja wapya huliona, kwa kuwa rangi ile kweli hata kipofu angeiona. Huniuliza, mbona fundi ana mlango umebonyea hivyo, kwa nini haunyooshwi.

"Ulishanyooshwa," nawaambia.

Kisha nafunga kitambaa mdomoni, nashika bunduki ya rangi.